Kikomo cha memori: ugomvi wa miaka hamsini kati ya Unix na kanzidata

Huku kampasi tupo, bumu halijatoka, maisha yanasonga hivyo hivyo. Leo sina stori za kantini wala za foleni ya usajili. Leo tunapiga historia, na historia yenyewe ni ya kitu ambacho wengi tunakiandika maabara bila kujua kilitoka wapi: kikomo cha memori cha mchakato mmoja kwenye seva ya Unix, hasa seva iliyobeba kanzidata.

Kwa wale wasio wa kompyuta (najua mpo, watu wa sheria na wa ualimu mnanisoma kimya kimya), mchakato ni programu ikiwa kazini. Programu iliyolala kwenye diski ni kama mapishi yaliyoandikwa kwenye daftari. Mchakato ni mpishi aliyekwisha washa jiko, na memori ni meza anayokatia vitunguu. Mfumo endeshi ndio mwenye jiko, na ndio unaosema: wewe meza yako inaishia hapa.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya praktiko moja. Tulipewa karatasi yenye mistari ya kubandika kwenye faili linaloitwa limits.conf kabla ya kusimika kanzidata, tukaambiwa bandikeni hivyo hivyo, msiulize. Tukadesa, ikafanya kazi. Lakini namba zile ni za ajabu ajabu, na mwenzangu wa chumba ana falsafa yake kwamba dawa ni kuandika "unlimited" kwenye kila mstari ili mambo yaishe. Tumebishana siku mbili. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu ni historia.

Twende Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Walimu wawili, Michael Stonebraker na Eugene Wong, walikuwa wamesoma kazi ya Edgar Codd wa IBM, aliyependekeza mwaka 1970 kwamba data zipangwe kwa majedwali. Wakataka kujenga kanzidata ya namna hiyo ya kweli, siyo ya kwenye karatasi. Mradi wakauita INGRES. Mashine yao ilikuwa PDP-11/40 ya kampuni ya Digital, na juu yake waliweka Unix, ambayo wakati huo bado ilikuwa kinda kutoka Bell Labs.

Sasa bwana, PDP-11 ilikuwa mashine ya biti 16. Maana yake anwani ya memori inaandikwa kwa biti 16, na ukihesabu namba zote zinazoandikika hivyo unapata 65,536. Basi. Mchakato kwenye PDP-11/40, hata ujitahidi vipi, unaona baiti 65,536 tu, yaani kilobaiti 64. Maelekezo ya programu humo humo, data humo humo, staki humo humo. Picha moja ya simu yako ya leo haiingii. Na hapa hakuna faili la kuhariri wala amri ya kuomba uongezewe, maana kikomo chenyewe kimechongwa kwenye chuma.

Wakafanyaje? Wakaikata kanzidata vipande. INGRES ikawa michakato minne iliyojipanga mstari mmoja, imeunganishwa kwa mabomba ya Unix. Wa kwanza unaongea na mtumiaji. Wa pili unachambua sarufi ya swali na kuangalia ruhusa. Wa tatu unavunja swali kubwa kuwa madogo madogo na kwenda kuzitafuta data. Wa nne ni wa kazi za nyumbani: kuunda jedwali, kufuta jedwali na kadhalika. Amri zinakwenda upande mmoja, majibu na makosa yanarudi upande wa pili. Na hata huo wa nne ulikuwa mnene kupita kiasi, ikabidi programu zake ziwe zinaingia memori kwa zamu, moja ikitoka nyingine inaingia, kama sisi na mabafu ya hosteli asubuhi. Stonebraker na wenzake waliyaeleza haya kwenye makala yao ya mwaka 1976, na hawakuficha kwamba udogo wa nafasi ndio uliowafikisha hapo.

Mimi hapa ndipo niliposimama kidogo nikafikiri. Tunafundishwa umbo la programu kana kwamba wataalamu walikaa chini ya mti wakachagua lililo bora. Kumbe umbo la kanzidata mojawapo ya mwanzo kabisa kwenye Unix liliamuliwa na urefu wa anwani ya mashine.

Haya. Mwaka 1977 Digital wakatangaza VAX-11/780, mashine ya biti 32. Anwani za biti 32 zinafika gigabaiti 4. Hebu pata picha: jana kilobaiti 64, leo gigabaiti 4 (ingawa nusu yake ni ya mfumo wenyewe). Unix ya Bell Labs iliyohamishiwa VAX, ile iliyoitwa 32V, haikuwa na ujanja wa kutumia diski kama nyongeza ya memori ukurasa kwa ukurasa. Kazi hiyo waliifanya wanafunzi wawili wa Berkeley, Özalp Babaoğlu na Bill Joy, na mwishoni mwa 1979 ikatoka kwenye toleo la 3BSD. Ndiyo, wanafunzi. Sisi tunahangaika na ripoti ya kurasa kumi, hehehe.

Ukuta wa chuma ukawa umesogezwa mbali sana, na hapo hapo likazaliwa tatizo ambalo halikuwepo. Mchakato sasa unaweza kuomba memori kuliko iliyomo kwenye mashine nzima. VAX ya wakati ule ilikuwa na megabaiti chache tu za memori halisi, na ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja kupitia vituo vyao. Mmoja akijitanua, kurasa za wenzake zinatupwa diski, na kila mtu anakaa anasubiri. Zamani mashine yenyewe ndiyo iliyowalinda watu dhidi ya mlafi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kula zaidi ya kilobaiti 64. Sasa ilibidi sheria itungwe.

Sheria hiyo, katika sura tunayoijua leo, ilikuja na 4.2BSD mwaka 1983. Inaitwa setrlimit. Kila mchakato unatembea na orodha ya vikomo vyake: muda wa CPU, ukubwa wa faili, eneo la data, staki, faili la kora linalotupwa programu ikifa, na memori halisi inayokaliwa. Kila kikomo kina namba mbili. Kuna kikomo laini, ambacho ndicho kinachokubana sasa hivi, na kikomo kigumu, ambacho ni dari. Wewe mwenyewe unaweza kupandisha kilicho laini mpaka kwenye dari. Dari unaweza kuishusha, lakini ukishaishusha huipandishi tena, labda uwe root. Na jambo la muhimu kupita yote: vikomo vinarithiwa. Mchakato ukizaa mtoto, mtoto anazaliwa na vikomo vya mzazi. Shikeni hilo la urithi, tutalirudia, kwa sababu limewaliza watu wengi.

Upande wa pili wa ukoo, Unix ya AT&T, walikuwa na ulimit, na mwanzoni ilibana ukubwa wa faili tu, ikihesabu kwa bloku za baiti 512. Ganda la Korn baadaye likaipa ulimit mikono ya kushika vikomo vingine vyote, na ndilo jina lililoshinda.

Lakini kanzidata ilikuwa na shida nyingine ambayo kikomo cha mchakato mmoja mmoja hakikuigusa. Watumiaji hamsini wakiunganika, kila mmoja akapewa mchakato wake, na kila mchakato ukawa na nakala yake ya kurasa zile zile za jedwali lile lile, umepoteza memori mara hamsini kwa kitu kimoja. Dawa ni memori ya kushirikiana. Fikiria desa moja kubwa limewekwa juu ya kimbweta, wote mnasomea pale pale, badala ya kila mtu kwenda kutoa fotokopi yake. Kilichonifurahisha ni kwamba dawa hii pia inagusa kanzidata tangu mwanzo. Ilitokana na tawi la Bell Labs lililoko Columbus, Ohio, ambako walikuwa na Unix yao ya ndani iliyoitwa CB UNIX. Wao waliona Unix ya kawaida haifai kwa kazi ya kanzidata kwa sababu michakato haikuwa na njia nzuri ya kuwasiliana wala ya kufunga faili, wakajiongezea wenyewe. Vitu hivyo vikaingia kwenye System V mwaka 1983, na kuanzia hapo kanzidata kubwa za Unix zikajengwa juu yake. Oracle wanaliita eneo lao la kushirikiana SGA, na lile la siri la kila mchakato PGA.

Kwa hiyo kuanzia hapo msimamizi wa seva ana mifuko miwili ya kupima: wa pamoja, na wa kila mmoja. Na kila kampuni ya Unix ikaweka komeo lake kwa namna yake. Kwenye HP-UX kuna kigezo cha kerneli kiitwacho maxdsiz, kikomo cha eneo la data la mchakato. Kwenye matoleo ya zamani kilianza na megabaiti 64, na kukibadilisha ilikuwa lazima utengeneze kerneli upya na kuwasha mashine upya. Yaani uombe ruhusa ya kuzima benki nzima usiku wa manane ili mchakato mmoja upate nafasi. Solaris walikuwa na mistari ya kuandika kwenye /etc/system, nayo pia ilidai kuwasha upya, mpaka Solaris 10 ya mwaka 2005 ilipoleta utaratibu wa kubadilisha mashine ikiwa inatembea.

Iliyonisisimua ni AIX ya IBM, ngoja tukae hapa kidogo. Mchakato wa biti 32 kwenye AIX una gigabaiti 4 za anwani zilizokatwa vipande 16, kila kipande megabaiti 256. Kwa kawaida kipande kimoja tu ndicho kilichopewa data na staki ya mchakato. Vingine kadhaa vimetengwa kwa memori ya kushirikiana. Ukitaka data zaidi unatumia kigezo cha MAXDATA kinachowekwa kupitia LDR_CNTRL, na unaweza kuomba mpaka vipande 8, yaani gigabaiti 2. Raha, eh? Ila vipande hivyo havitoki mbinguni. Vinatolewa kwenye fungu la kushirikiana. Ukiongeza mfuko wa mchakato mmoja, umepunguza anwani za mfuko wa pamoja. Kwa hiyo swali "niongeze ngapi?" halikuwa na jibu bila kujua kanzidata yako inakula wapi: kwenye kupanga na kuchambua, ambako ni memori ya siri, au kwenye kutunza kurasa zinazosomwa na wote.

Na juu ya hilo kulikuwa na faili /etc/security/limits lenye namba 262144 kwenye mstari wa data. Mtu anaona laki mbili na sitini anadhani ni kilobaiti. Siyo. Ni bloku za baiti 512, kwa hiyo ni megabaiti 128. Mashine inaweza kuwa na gigabaiti 20 zimelala, mchakato wa kanzidata unakufa kwenye megabaiti 128 ukilia hakuna memori. Kwenye Oracle kilio hicho kina namba yake, ORA-04030, maana yake mfuko wa siri wa mchakato umekataa kutanuka. Ndugu yake ORA-04031 ni wa mfuko wa pamoja. Namba zinatofautiana kwa moja tu, na tiba ni tofauti kabisa.

Linux ya biti 32 nayo ilikuwa na vituko vyake. Gigabaiti 4 zikagawanywa, 3 za mchakato na 1 ya kerneli. Lakini maktaba za programu zilikuwa zinapakiwa kuanzia kwenye alama ya gigabaiti 1, katikati ya njia, na Oracle ikaweka SGA yake baada ya hapo. Matokeo yake SGA iliishia kama gigabaiti 1.7, hata ungekuwa na memori ya kumwaga. Kwenye Red Hat ya kampuni, toleo AS 2.1 la mwaka 2002, kukawa na mlango wa uani: kila mchakato ulikuwa na faili lake ndani ya /proc linaloitwa mapped_base. Root anaandika 268435456 kwenye faili la ganda lake, yaani maktaba zisogee zianzie megabaiti 256, halafu Oracle inaunganishwa upya ili SGA ianzie chini zaidi, halafu inawashwa kutoka kwenye ganda lile lile ili watoto warithi. Ukipatia, unafika gigabaiti 2.7. Gigabaiti moja ya nyongeza kwa kusogeza samani tu! Mimi hii naiheshimu sana. Watu walikuwa wanahama sentimita kwa sentimita.

Ndipo zikaja biti 64. Digital walitangulia na Alpha mwaka 1992, na katikati ya miaka ya 1990 Oracle ilikuwa tayari inatembea juu yake na memori inayopita gigabaiti 4. AIX na HP-UX wakaingia mwaka 1997, Solaris mwaka 1998. Lakini kwa sisi watu wa bei ya chini mabadiliko yalikuja Aprili 2003, AMD walipotoa Opteron. Baada ya hapo ukuta wa chuma ulirudi nyuma mpaka hauonekani. Na hapo ndipo falsafa ya mwenzangu wa chumba ilipopata waumini wengi: kama anwani haziishi, vikomo vya nini? Andika "unlimited", kalale.

Sasa twende polepole, hapa ndipo penyewe.

Chukua PostgreSQL, mjukuu wa INGRES, maana Stonebraker yule yule alianzisha POSTGRES hapo hapo Berkeley mwaka 1986. Kila anayeunganika anapewa mchakato wake. Kigezo cha work_mem kinasema operesheni moja ya kupanga data itumie memori kiasi gani kabla ya kukimbilia diski. Siyo mtumiaji mmoja, operesheni moja. Weka megabaiti 64, watumiaji 200, kila mmoja na swali lenye upangaji mara 3. Piga: 200 mara 3 mara 64, unapata megabaiti 38,400. Seva yako ina gigabaiti 16. Hakuna mchakato hata mmoja uliovunja sheria, kila mmoja umekula chini ya megabaiti 200. Ni kama kubebana hosteli. Uongozi ukisema kila mtu aingie na begi moja tu, halafu mkabebana watu kumi na wawili chumba kimoja, chumba kitajaa na hakuna wa kumnyooshea kidole.

Linux kwa kawaida inaahidi memori kuliko iliyonayo, ikitegemea kwamba waombaji hawatatumia yote. Ahadi zikidaiwa zote kwa wakati mmoja, kerneli inamtoa muuaji wake, yule wa kuchagua mchakato na kuukata bila salamu. Ukikatwa mmoja wa michakato ya PostgreSQL namna hiyo, mzazi wao hawezi kujua kama marehemu alikuwa katikati ya kuandika kwenye memori ya kushirikiana. Kwa hiyo hahatarishi. Anawaondoa wote, anaijenga upya memori ya pamoja, anasoma kumbukumbu za mabadiliko, ndipo anafungua mlango tena. Yaliyokwisha thibitishwa yanabaki salama, lakini kila aliyekuwa katikati ya kazi anaanza moja. Fikiria ni usiku wa mwisho wa kusajili kozi, watu 200 wamo ndani, na mmoja tu ndiye aliyeendesha ripoti nzito.

Ukiwa na kikomo je? Mchakato wenye ripoti nzito unaomba memori, unafika kikomo, kerneli inasema hapana kwa adabu. PostgreSQL inalifuta swali lile moja na kumwandikia mwenyewe kwamba memori imekwisha. Wengine 199 hawajui kama kuna kilichotokea. Tofauti kati ya "hapana" ya mapema na panga la usiku ndiyo hoja yangu yote kwa mwenzangu wa chumba. Na sijasema kikomo kiwe kidogo. Megabaiti 128 za AIX zilikuwa balaa kwa upande wake. Nasema kitoke kwenye hesabu: memori ya mashine, toa mfuko wa pamoja, toa ya mfumo wenyewe, kinachobaki gawa kwa idadi ya miunganiko utakayoiruhusu. Na hiyo idadi ya miunganiko nayo ni kikomo, pengine ndicho cha kwanza cha kugusa. Oracle wenyewe waliona hili: toleo la 12c la mwaka 2013 lilileta kikomo cha jumla ya mifuko yote ya siri, PGA_AGGREGATE_LIMIT, kwa sababu kubana mmoja mmoja hakukutosha.

Hapo ndipo urithi unaporudi. Unabadilisha limits.conf, unafurahi, kanzidata inaendelea kama zamani. Kwa nini? Kwa sababu lile faili linasomwa mtu anapoingia kwenye mfumo, na kanzidata iliyowashwa wiki iliyopita ilirithi vikomo vya wiki iliyopita. Na kama inawashwa na systemd, haipiti kabisa mlango ule. Vikomo vyake inabidi uviandike kwenye faili la huduma yenyewe. Oracle wana kituko kizuri zaidi: ukiunganika kutoka mbali, mchakato wako unazaliwa na yule msikilizaji anayekaa mlangoni, ukiunganika ukiwa ndani ya seva unazaliwa na ganda lako. Swali lile lile linakufa kwa ORA-04030 likitoka kwenye mtandao, na linapita salama ukilijaribu ndani. Watu wamehangaika na hilo wakati jibu ni kumwasha msikilizaji upya ili arithi vikomo vipya. Tangu Linux 2.6.36 ya mwaka 2010 kuna prlimit, inayoweza kubadilisha vikomo vya mchakato ulio hai bila kuuzima, nami naona haisemwi vya kutosha madarasani.

Mfuko wa pamoja umepata nafuu. Linux kwa miaka mingi ilianza na SHMMAX ya megabaiti 32, na kila aliyesimika PostgreSQL kubwa alikutana na kosa la kushindwa kuunda memori ya kushirikiana. PostgreSQL 9.3 mwaka 2013 ikabadilisha namna ya kuichukua memori hiyo ili isitegemee tena namba ile, na mwaka uliofuata Linux 3.16 ikaipandisha mpaka ikawa kama haipo. Mafunzo ya kuibadilisha bado yamejaa mtandaoni, na watu bado wanayabandika.

Kwa kubana kundi zima la michakato kuna cgroups, iliyoanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingia Linux 2.6.24 Januari 2008, na kibano chake cha memori kikafuata kwenye 2.6.25. Hiki ndicho hatimaye kinachohesabu chumba badala ya begi. Ila ukifika kikomo cha kundi na hakuna cha kurudisha, anayekuja ni yule muuaji yule yule, safari hii akiwa amefungiwa ndani ya chumba chako.

Na vile vikomo vya mwaka 1983 viko wapi? Vipo vyote. Kile cha data kwa miaka mingi kwenye Linux kilikuwa mlango wenye tundu, kwa sababu maombi makubwa ya memori yalipitia njia nyingine ambayo hakikuihesabu, mpaka Linux 4.7 ya mwaka 2016 ilipoiziba. Kile cha anwani zote, "ulimit -v", kinafanya kazi lakini kinahesabu na mfuko wa pamoja, kwa hiyo ukikiweka chini ya ukubwa wa mfuko huo kanzidata haiwaki kabisa. Na kile cha memori halisi, ambacho kwa jina ndicho hasa mtu angekitaka, "ulimit -m", Linux haikitekelezi tangu mfululizo wa 2.4. Ukikiandika kinapokelewa bila kosa lolote. Ukikiuliza kinakusomea namba yako vizuri kabisa. Kwenye ile karatasi yetu ya praktiko mstari wake upo, wa tatu kutoka juu.

Wiki ijayo nikijaliwa nitaandika kuhusu swapu, na kwa nini wazee wa Unix walikuwa wanasema iwe mara mbili ya memori. Alamsiki.